Mafuta ya ponti: lita tatu zinazolinda chakula cha nyumba

Katika miji yetu ya migodi, tangu Kolwezi mpaka Likasi na Kambove, jamaa nyingi zinaishi juu ya motokari moja. Land Cruiser au Hilux ya zamani inapeleka wachimbaji kazini, inarudisha mifuko ya unga na makala, na usiku inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Siku ile inakufa, feza ya masomo ya watoto nayo inapotea.

Baba wengi wanapima mafuta ya motere kila asubuhi. Ni vizuri. Lakini uwaulize kama mafuta ya ponti yalibadilishwa lini. Wengi watajibu: «Ile haiishi, patron, iko mule tu.» Neno hilo limeua ponti nyingi.

PONTI NI NINI?

Inama nyuma ya motokari. Katikati ya magurudumu mawili utaona chuma cha mviringo kama kibuyu. Ndani yake meno makubwa na madogo yanapokea nguvu ya motere na kuigawanya, kusudi katika kona gurudumu la nje lizunguke kuliko la ndani. Motokari ya 4x4 iko na kibuyu kingine mbele. Meno haya yanasuguana kwa nguvu nyingi sana. Mafuta njo yanazuia chuma kisikule chuma.

ADUI NI MAJI

Wakati wa mvua tunavuka mito na madimbwi. Ponti iliyotembea sana ina moto. Ikiingia katika maji baridi, hewa iliyo ndani inajikunja na kuvuta. Juu ya ponti kuna kipumulio kidogo cha kupitisha hewa. Kama matope yamekiziba, ponti inavuta kupitia mipira ya kuzuia mafuta, na maji yanaingia. Mafuta yanageuka meupe kama maziwa, hayalindi tena, na kutu inaanza kula meno.

NAMNA YA KUBADILISHA

1. Tembeza motokari kidogo kusudi mafuta yapate moto. Iweke mahali pa sawasawa, vuta breki ya mkono, weka mawe kwa magurudumu. Usilale kamwe chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake.

2. Kuna vizibo viwili: cha juu cha kutilia, cha chini cha kumwagia. Ondoa udongo, kisha fungua cha juu KWANZA. Juu ya nini? Ukimwaga mafuta halafu kizibo cha juu kikatae, utabaki na ponti tupu, na motokari haitafika hata garajini.

3. Weka beseni, fungua cha chini, acha yote yatoke. Uchafu wa kijivu, laini kama tope, ni wa kawaida. Lakini ukiona vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole, ita fundi mbele ya kuendelea.

4. Funga cha chini vizuri. Tia mafuta mapya kwa pompi mpaka yaanze kutiririka kwa tundu la juu. Funga. Safisha kipumulio. Fanya vilevile kwa ponti ya mbele.

MAFUTA GANI, NA LINI?

Tafuta bidoni iliyoandikwa GL-5, mara nyingi 80W-90. Lakini soma kwanza kitabu cha motokari, maana ponti zingine zinaomba mafuta yao ya pekee. Ponti nyingi zinapokea lita 2 mpaka 3 na kitu. Bidoni iliyokwisha kufunguliwa usiinunue. Tena usimwage GL-5 ovyo katika bwati ya vitesi: katika bwati zingine inaharibu pete za shaba.

Kwa njia nzuri, wengi wanabadilisha kila kilometa 40.000, kwa njia zetu za vumbi na matope, nusu yake ni afazali. Na kama ponti ilizama katika maji, usihesabu kilometa. Fungua uangalie juma lile lile.

MAFUTA YA ZAMANI

Usiyamwage chini wala mtoni. Majirani wanateka maji pale. Usiyaweke katika chupa ya limonade: mtoto anaweza kunywa. Si dawa ya kidonda. Yatie katika bidoni ya pekee, uyapeleke kwa garaji inayoyakusanya, na unawe mikono kwa sabuni.

BABA NA MAMA

Mara nyingi mama njo anashika feza ya nyumba, na baba anaogopa kumwomba juu ya kitu kisichoonekana. Kaeni pamoja, mwandike katika kaye tarehe na kilometa, na kila juma mtenge kidogo. Bei ya mafuta inaumiza siku chache. Ponti iliyokatika meno inaweza kusimamisha kazi miezi mingi. Na wewe shofere wa motokari ya mwingine, ukisikia ponti inaunguruma kadiri mwendo unavyoongezeka, usifiche. Sema mapema: «Patron, ponti inalia.» Hapo pengine lita tatu na mpira mmoja vitatosha.