Pedali ya oktavu kwa mpiga besi: Kabla ya kulipa, sikiliza spika kwanza

Bendi ya watu watatu inapiga hotelini Paje. Kuna mwimbaji mwenye gitaa, mpiga dramu na mpiga besi. Kinanda hakuna, maana mwenye hoteli hakulipia mtu wa nne. Anayetakiwa kujaza pengo ni mpiga besi, na hapo ndipo wengi huanza kuulizia pedali ya oktavu.

Tatizo ni pesa. Boss OC-5, moja ya pedali zinazotajwa sana, inauzwa nje kwa zaidi ya dola 100, bado usafiri na ushuru. Kwa mtu anayelipwa usiku kwa usiku, hiyo si hela ya kufanyia majaribio. Akikosea kuchagua, kuirudisha ilikotoka ni gharama nyingine juu ya ile ya kwanza.

Inafanya nini hasa?

Pedali inapokea nota iliyopigwa, kisha inaongeza nyingine iliyo chini yake kwa oktavu moja. Yaani mtetemo unagawanywa kwa mbili. Uzi wa A ukipigwa wazi hutetema mara 55 kwa sekunde, na pedali inaongeza sauti ya 27.5. Besi inanenepa, inaanza kufanana na kinanda cha umeme.

Boss OC-2, iliyotoka miaka ya 1980, ndiyo iliyoitangaza sauti hiyo. Mpiga besi Pino Palladino aliitumia kwenye rekodi za mwimbaji wa Uingereza, Paul Young. Leo OC-2 za mtumba zinatafutwa sana na bei yake imepanda, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo asihangaike nazo.

Kwa mwanamuziki wa Zanzibar kuna jambo moja zuri ambalo matangazo ya pedali hayalisemi. Taarab ina maqam zenye robo toni, sauti zinazokaa katikati ya freti mbili. Vifaa vinavyoongeza sauti ya pili kwa kufuata skeli ya Kizungu hupotea njia hapo. Oktavu haina shida hiyo. Inagawa kwa mbili chochote inacholetewa, iwe nota kamili au ile ya katikati. Anayepiga besi isiyo na freti hana cha kuogopa.

Sasa spika

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Uzi wa E wa besi, ule mnene kabisa, ukipigwa wazi hutoa mtetemo wa 41 hivi. Oktavu moja chini yake ni kama 20, mpakani mwa kile sikio la binadamu linachoweza kusikia. Spika za kukodi za harusini na za hoteli ndogo, nyingi hazifiki hata karibu na huko.

Kinachotokea ni hiki: mpiga besi anakanyaga pedali, amplifaya inatokwa jasho, spika zinakoroma, wageni hawasikii tofauti yoyote, na fundi mitambo anaishusha besi nzima kwa hasira. Dola 150 zimeishia hapo.

Dawa ni kupanda juu. Freti ya 5 ya uzi wa G hutoa C yenye mtetemo wa 131 hivi, na oktavu yake ya chini ni 65. Hiyo hata spika ya kawaida inaitoa vizuri. Kwa hiyo pedali inamfaa zaidi anayepiga nyuzi za D na G, halafu anaizima akishuka kwenye E. Majukwaa makubwa kama la Ngome Kongwe wakati wa Sauti za Busara ni habari nyingine, lakini tamasha hilo ni siku chache tu kwa mwaka. Hoteli ni kila wiki.

Na ile oktavu ya pili chini ambayo pedali nyingi hujisifia nayo? Kwa besi, mara nyingi ni pambo.

Ipi inunuliwe?

Ya bei ya chini kabisa kati ya zinazojulikana ni Behringer UO300, ambayo kwa kawaida huuzwa nje chini ya dola 50. Kasha lake ni la plastiki, si la kukanyagwa kwa buti. Kwa nota mojamoja inatosha.

Kwa asiye na pedali hata moja, pengine lenye akili zaidi ni kuongeza pesa kidogo na kuchukua Zoom B1 Four. Hiyo ina efekti nyingi ndani yake, oktavu ikiwemo, ina kifaa cha kutyuni, na inatumia betri nne za AA zinazopatikana duka lolote la mtaani. Umeme ukikatika amplifaya nayo inazima, kwa hiyo betri haziokoi shoo. Zinachookoa ni masikio, maana adapta mbovu huleta mngurumo usioisha.

Kwa anayetumia adapta: pedali nyingi zinataka volti 9 na hasi katikati ya plagi. Adapta ya Marekani iliyoandikwa volti 120 pekee isichomekwe kabisa, umeme wa hapa ni volti 230.

Jaribio la dakika mbili

Iwe Kariakoo au kwa mwenzake anayeuza mtumba, mnunuzi aende na besi yake mwenyewe. Ashushe sauti halisi hadi sifuri ibaki ya oktavu peke yake. Aanzie freti ya 5 ya uzi wa G na kushuka nota moja moja, polepole kisha haraka. Mahali sauti inapoanza kubabaika ndipo mwisho wa pedali hiyo. Ikivumilia hadi A wazi bila kukatakata, inafaa. Ya mtumba ichunguzwe matundu ya waya pia, chumvi ya bahari hula chuma huku visiwani kimyakimya.

Bora zaidi ni kuiazima usiku mmoja na kuifunga kwenye spika zilezile za hoteli anayopiga, na mtu mwingine asimame nyuma ya ukumbi kusikiliza.