Kurusha Si Kazi, Kazi ni Kutua

Mtoto akinunuliwa ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, swali lake la kwanza ni moja tu: itaruka? Bila shaka itaruka. Swali ambalo wazazi wengi hulisahau hadi pesa zimekwisha kulipwa dukani ni jinsi itakavyorudi chini. Yangu ya kwanza ilipaa vizuri mno karibu na Awendo, ikazunguka mara mbili, kisha ikatumbukia katikati ya shamba la miwa. Tuliitafuta hadi jioni. Kwa hivyo haya ninayokuandikia nimeyalipia.

Tuanze na upepo, kwani huo ndio bwana wa mchezo huu. Ndege, iwe kubwa au ya kuchezea, hupaa na kutua ikiuelekea upepo. Ndivyo walivyofanya Wilbur na Orville Wright huko Marekani tarehe 17 Desemba 1903, ndege yao ya injini ilipopaa mara ya kwanza kwa sekunde 12. Upepo wa usoni husaidia kuyainua mabawa hata kabla ndege haijakimbia sana. Ukiupa mgongo, ndege itamaliza uwanja wote na huenda isipae kamwe.

Wakazi wa Homa Bay wana bahati, maana upepo wao una ratiba. Mapema asubuhi huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani; jua likishapasha ardhi moto, hugeuka na kutoka ziwani. Wavuvi wa mashua za tanga wanayajua haya tangu jadi. Basi asubuhi pua ya ndege ielekee bara, na alasiri ielekee majini. Anayeanza achague asubuhi, kwa sababu alasiri upepo huwa mkali na mara nyingi mvua ya radi hufuata. Hata hivyo, kaa mbali na ufuo. Betri ikiisha juu ya Ziwa Victoria, hiyo imekwenda.

Mji wa Migori uko mbali na ziwa, na huko upepo hauna adabu hiyo. Funga utepe mwembamba kwenye kijiti, uuchomeke ardhini, na uutazame kila mara kabla ya kurusha. Fauka ya hayo, sehemu hizi zote ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa kumi, kwa hivyo ndege itahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa.

Uwanja je? Kiwanja cha shule siku isiyo na watu kinafaa, ukipata ruhusa. Usisogelee viwanja vya ndege vya Kabunde na Lichota, wala mbuga ya Ruma. Aidha, kuna kanuni za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA). Ulizia huko kabla ya kununua.

Nunua ndege ambayo bawa lake liko juu ya mwili. Hiyo hutulia hewani. Washa rimoti kwanza, kisha betri ya ndege. Ongeza nguvu polepole, uinyooshe inapokimbia, na usiinue pua kwa pupa. Ikishapaa, iache ipande taratibu hadi ipite urefu wa mikaratusi, ndipo uigeuze.

Sasa mtihani wenyewe. Ndege inapokujia, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Dawa ni rahisi: tazama bawa lililoshuka, kisha sukuma kijiti upande huo huo. Bawa litainuka.

Ianzishe safari ya kushuka ikiwa mbali, ikiuelekea upepo, na upunguze nguvu kidogo kidogo. Ukiona haitafika uwanjani, mkono utataka kuvuta pua juu. La hasha! Mwendo utapungua, mabawa yatashindwa kuibeba na itaanguka kama jiwe. Ongeza nguvu badala yake. Ikifika usawa wa goti, zima mota, inua pua kidogo tu, na magurudumu yaguse. Ikiwa imekuja vibaya, ongeza nguvu mapema, izunguke tena. Marubani wa ndege za abiria hufanya hivyo, sembuse wewe? Ila lazima betri iwe na akiba, kwa hivyo anza kutua muda ukiwa nusu.

Mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kujizoeza kwanza kwa programu za kuigiza urushaji. Humo kuanguka ni bure.

Na ikishatua, mtoto atakimbia kuiokota. Mzuie hadi propela isimame kabisa. Kisha ichomoe betri wewe mwenyewe, ndipo uzime rimoti.