Siku kumi na nne za mpiga picha, siku arobaini za mama

Kwenye episodi ya wiki hii nilianza kuwasimulia habari ya picha za mtoto wa dada yangu, muda ukatuishia. Kuna wenzetu wanaotarajia, na wengine dada zao wanatarajia, kwa hiyo namalizia hapa.

Dada alijifungua Januari. Si unajua Januari ya Minneapolis, ukitoka nje dakika mbili kope zinaganda. Siku ya tatu akaanza kutafuta mpiga picha. Wapiga picha wengi wa watoto wachanga wanapenda kazi ifanyike ndani ya wiki mbili za kwanza, maana mtoto bado analala fofofo na anajikunja kama alivyokuwa tumboni.

Mama yetu ni mtu wa Mombasa. Aliposikia neno "studio" akaweka kikombe cha chai chini.

"Mtoto hatoki kabla ya arobaini. Na picha zake hazisambazwi. Macho ya watu si mazuri, mwanangu."

Sasa piga hesabu mwenyewe: siku kumi na nne upande huu, siku arobaini upande ule. Dada akalia. Mimi, mama mdogo wa mtoto, nikapewa kazi ya kupatanisha.

Mpiga picha wa kwanza niliyeongea naye alikuwa na picha maridadi Instagram. Nikamwomba anionyeshe watoto weusi aliowapiga. Akatuma watatu. Mmoja alikuwa wa kijivu kama jivu la mkaa, wawili wameng'arishwa mpaka nikajiuliza kama mama zao waliwatambua. Halafu akaona picha ya mtoto wetu niliyomtumia, yenye kidoti cheusi ambacho mama alimtia kwenye paji la uso kumkinga na kijicho. Akasema lile doa atalifuta, bila malipo ya ziada. Yaani alidhani ni uchafu. Nikamshukuru, nikaaga.

Jambo la rangi lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zilikuwa zinaitwa Shirley. Ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kamera za leo zinaweza kutuona vizuri. Swali ni kama aliyeishika anajua kupanga mwanga, na kama akikaa kwenye kompyuta ataiacha ngozi ya mtoto jinsi ilivyo.

Basi nikaandika maswali yangu kwenye simu, na kila niliyempigia nikamuuliza yaleyale:

- Nionyeshe kazi nzima ya familia moja nyeusi, si picha moja uliyochagua.
- Utakuja nyumbani? Mwanga wa dirishani unakutosha?
- Umechanjwa kifaduro na mafua? Ukiamka na kikohozi, tutaahirisha bila faini?
- Ile pozi ya mtoto kushika mashavu kwa mikono yake, unaifanyaje? Jibu sahihi ni kwamba hizo ni picha mbili zilizounganishwa, na mtu mzima hamwachii mtoto hata sekunde moja. Mtoto mchanga hawezi kukibeba kichwa chake. Anayekuambia "anakaa tu mwenyewe" mkimbie.
- Bei uliyotaja ni ya kuja kupiga tu, au na picha zimo?
- Picha ni za nani? Kwa sheria ya Marekani, mwenye haki ya picha kwa kawaida ni aliyeipiga, hata kama wewe umelipa. Kama hutaki mtoto wako awe tangazo lake, iandikwe kwenye mkataba.

Hilo la mwisho ndilo lililomlainisha mama. Nilimsomea mkataba kwa Kiswahili, mstari kwa mstari: hakuna picha itakayowekwa popote bila ruhusa yetu ya maandishi. Akauliza, "Na wao wanafuata?" Nikamwambia wasipofuata tuna karatasi. Akanyamaza. Kwa mama, kunyamaza ni ndiyo.

Na yeye alilegeza upande wake. Wanja wa asili mara nyingi una madini ya risasi, na hapa Marekani hauruhusiwi kuuzwa kama kipodozi. Daktari wa mtoto alipomweleza hivyo, aliuweka kando ule aliotumiwa kutoka nyumbani. Tukanunua penseli ya nyusi ya dukani. Kidoti kimoja kidogo, juu ya paji, mbali na macho.

Mpiga picha tuliyemchagua alikuja siku ya kumi na mbili. Akavua viatu mlangoni, akanawa mikono bila kuambiwa, akaomba tupandishe joto la nyumba. Hakuja na vikapu wala masikio ya sungura. Alimuuliza mama kama anaweza kumshika mtoto karibu na dirisha. Mama akakataa mara moja, ya pili akajifunga leso yake vizuri, akakaa.

Picha tunayoipenda wote ni hiyo: mikono ya mama yenye mikunjo, kichwa cha mtoto, kidoti mahali pake. Rangi zao ni rangi zao.

Hatukuiweka popote. Siku ya arobaini na moja, kabla hata dada hajaamka, simu zetu zote zililia. Mama alikuwa ameituma kwenye grupu la familia, Mombasa mpaka Brooklyn Park. Nyanya akajibu kwa sauti kwamba anataka ya karatasi, ya simu haiwezi kutundikwa ukutani.

Tumeshaituma. Na kwenu, arobaini mliimalizaje? Tuambieni, tutasoma majibu yenu episodi ijayo.