Nyimbo Mfukoni, Mpenzi Pembeni: Chagua Kicheza Muziki Kitakachowafaa Wote Wawili

Kuna wakati kijana wa mjini alikuwa hatoki nyumbani bila vitu vitatu: pochi, simu na MP3 yake inayoning'inia shingoni. Hakuna aliyehangaika kuiita kicheza muziki. Ilikuwa MP3 tu, na kila mtu alielewa. Baadaye simu zikameza kila kitu, kamera, redio, tochi, hadi muziki. Mei 2022 kampuni ya Apple ikatangaza kwamba haitengenezi tena iPod touch, na ukoo wa iPod ulioanza Oktoba 2001 ukaishia hapo.

Hata hivyo vicheza muziki bado vinauzwa, kuanzia vile vidogo vya kubana kwenye shati hadi Walkman mpya za Sony zenye kioo cha kugusa. Na bado wapo wanaoniuliza: dada, ninunue kipi? Wengi huanza na GB, bei na rangi. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kabla ya yote jiulize: nikishavaa hedifoni, nani anabaki nje?

Si swali jipya hata kidogo. Sony ilipoingiza sokoni Walkman ya kwanza huko Japani, tarehe 1 Julai 1979, ile kaseti ya mfukoni ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Ilikuwa pia na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, muziki unashuka na unaweza kuongea na mwenzako bila kuvua chochote. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa Sony, alisimulia baadaye kwamba alipokuwa akiijaribu nyumbani mkewe hakufurahi, kwa sababu alijiona ametengwa. Ndipo Morita akataka yawepo matundu mawili. Ila wanunuzi walikwenda njia yao: kila mtu alitaka Walkman yake peke yake.

Kwa nini usitumie simu tu?

Hebu tuambiane ukweli. Simu inacheza muziki vizuri tu. Tatizo ni yale mengine inayoyafanya. Umeweka wimbo wa taratibu jioni, mmekaa kibarazani, mara meseji ya bosi, mara kundi la harusi linakumbusha michango, mara namba usiyoijua. Muziki unakatika, na mazungumzo nayo yanakatika. Halafu kuna lile jambo tunalolijua wote: simu ikiwaka saa nne usiku, macho ya wawili yanaikimbilia. Kicheza muziki hakina meseji, kwa hiyo hakuna cha kuficha wala cha kuchungulia.

Sababu ya pili ni chaji. Siku umeme ukikatika, kila asilimia ya betri ya simu unaihitaji kwa mambo ya maana.

Lakini usikimbilie kununua. Angalia kwanza kwenye droo yako. Simu ya zamani isiyo na laini, yenye betri nzima na nafasi ya memori kadi, ni kicheza muziki tosha. Hata kitochi chenye memori kadi kinacheza MP3, kinakaa na chaji kwa siku kadhaa, na hedifoni zikichomekwa waya wake unakuwa antena ya redio. Kama hivyo vinakutosha, pesa yako iende kwenye hedifoni nzuri. Kwa bei ya kawaida, hedifoni ndizo zinazobadilisha sauti kuliko kifaa chenyewe.

Nyimbo ni zako, au umezipanga?

Hapa ndipo wengi hawaulizi, na ndipo penye uzito. Ukilipia huduma ya muziki kwa mwezi, nyimbo ulizozipakua ni kama nyumba ya kupanga. Usipolipa kodi, mlango unafungwa. Faili la MP3 ulilonunua, au ulilolitoa kwenye CD yako, ni nyumba yako mwenyewe. Kicheza muziki kidogo kisicho na intaneti kinakubali faili tu. Kile kinachotumia Android kinakubali yote mawili.

Historia ina mafunzo. Microsoft walipoleta Zune yao mwaka 2006, waliweka utaratibu wa kumrushia mwenzako wimbo bila waya. Wazo tamu kweli kwa wapenzi! Ila wimbo uliotumiwa ulichezeka mara 3 au kwa siku 3, kisha basi. Zawadi yenye tarehe ya kuisha! Nyimbo zilizouzwa kwenye duka la iTunes nazo zilikuwa na kufuli, hadi Apple ilipoiondoa mwaka 2009.

Kwa hiyo kama mna nyimbo ambazo ni zenu wawili, ule wa siku ya harusi, ule mliosikia basini safari ya kwanza ya kwenda kwa wakwe, hizo zitafutieni faili na mziweke sehemu mbili: kwenye kicheza muziki na kwenye kompyuta. Memori kadi hupotea na simu huibiwa.

GB ngapi zinatosha?

Hesabu yake ni nyepesi. MP3 ya ubora wa kawaida, yaani 128 kbps, inakula karibu MB 1 kwa dakika. Ya ubora wa juu, 320 kbps, inakula MB 2.4 kwa dakika. Chukua wimbo wa dakika 4 na memori kadi ya GB 32:

• Kwa 128 kbps zinaingia nyimbo kama 8,000.
• Kwa 320 kbps zinaingia kama 3,300.
• Kwa FLAC, ambayo haipunguzi chochote kilichomo kwenye CD, wimbo unaweza kufika MB 25, na zinaingia kama 1,200.

Wapenzi wa taarabu na wa rumba za Kongo wapige hesabu yao upya. Wimbo wa dakika 15 kwa 320 kbps ni MB 36. Hata hivyo GB 32 zinakutosha kabisa. iPod ya kwanza ilikuwa na GB 5, na Apple waliisifia kwa kubeba nyimbo 1,000. Nani kati yetu anazijua nyimbo zake 1,000?

Usidanganyike pia na neno FLAC lililoandikwa kwenye boksi. Ndani ya daladala, na konda anagonga bati, wengi hatutasikia tofauti yake na 320 kbps. Nyumbani usiku, kwa hedifoni nzuri, huenda ukaisikia.

Waya au Bluetooth?

Bluetooth ni raha, hakuna waya wa kukwama kwenye mkoba. Ila hedifoni nazo zinahitaji kuchajiwa, na vicheza muziki vingi vinaunganisha hedifoni moja tu kwa wakati mmoja. Kama mnataka kusikiliza wawili, tafuteni chenye tundu la hedifoni la milimita 3.5. Kisha nunueni kile kiwaya kidogo chenye kichwa kimoja na matundu mawili. Ni kitu cha bei ndogo, na kinarudisha kile alichokitaka Morita mwaka 1979. Mkichomeka hedifoni mbili sauti inaweza kupungua kidogo, lakini mnasikia wimbo mzima wote wawili.

Ule mtindo wa kugawana, wewe sikio la kushoto na mimi la kulia, ni wa kimahaba, sikatai. Ila kila mmoja anapata nusu ya wimbo. Kwenye nyimbo nyingi gitaa moja limewekwa kushoto na jingine kulia, kwa hiyo mnaweza kubishana kuhusu wimbo mmoja na wote mkawa sahihi.

Ukifika dukani

Uwe Kariakoo au kwenye duka la vioo, fanya haya bila aibu:

1. Nenda na memori kadi yako yenye nyimbo na hedifoni zako. Kisikilize kifaa kwa nyimbo unazozijua, si kwa wimbo wa muuzaji.

2. Uliza kinapokea kadi ya ukubwa gani. Baadhi ya vile vya bei ndogo mwisho wake ni GB 32, na kadi kubwa zaidi havisomi.

3. Jihadhari na kadi feki. Imeandikwa GB 128, kumbe ndani haifiki hata robo. Nyimbo za mwanzo zinapiga, za mwisho hazifunguki. Ukifika nyumbani ijaze hadi mwisho, kisha cheza zile zilizoingia mwisho.

4. Tazama tundu la chaji. Likiwa la USB-C, chaja ya simu yako itafaa. Vifaa vya zamani kama iPod na Walkman za miaka ile vina nyaya zao za pekee, na zikikatika unazunguka mji mzima.

5. Kama ni cha mtumba, kiweke juu ya meza ya kioo. Kikiyumba, au kioo chake kimeinuka pembeni, betri imevimba. Kirudishe hapo hapo.

6. Bonyeza vitufe bila kutazama. Kifaa cha mfukoni kinatumika kwa vidole, hasa ukiwa umesimama kwenye mwendokasi.

Barua ya msomaji wetu

Dada mmoja ameniandikia kuhusu mumewe. Anarudi kazini hedifoni masikioni, anakula nazo, analala nazo. Anasema hana wivu na mwanamke yeyote, ana wivu na hedifoni. Akimsemesha lazima amguse bega kwanza, na siku hizi amechoka kumgusa bega.

Lililo moyoni mwa mume wake silijui, dada yangu. Lakini najua mtu aliyekaa saa mbili kwenye foleni baada ya siku nzima ya kupokea amri anahitaji dakika zake. Kumnyang'anya muziki si dawa. Na kwako wewe kaka unayesoma hapa, mke anayeacha kukugusa bega hajazoea. Amekata tamaa.

Ushauri wangu ni huu: patananeni muda. Nusu saa ya kwanza akifika ni yake, hakuna wa kumsemesha kuhusu bili ya maji. Baada ya hapo hedifoni zinakaa mezani, na kicheza muziki kinachomekwa kwenye spika ili nyumba nzima isikie. Ndiyo maana nasema mkichagua kifaa, hakikisheni kinaunganika na spika mliyonayo, kwa waya au kwa Bluetooth. Kifaa cha masikio mawili tu kitawagawa, hata kiwe cha bei gani.

Na masikio yenyewe?

Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kuharibu usikivu wao kwa sauti kubwa. Kipimo chake ni hiki: sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Shirika hilo linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa.

Kwenye kelele za barabarani tunapandisha bila kujijua. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri zinasaidia, kwa sababu huhitaji kushindana na honi. Ila ukishuka kituoni na unavuka barabara, vua. Bodaboda haijali wimbo umefika wapi.

Basi, ununue kipi?

Kama bajeti ni ndogo, tumia simu ya zamani au kitochi, na uongeze hedifoni nzuri. Kama unakimbia asubuhi au unaenda jimu, chukua kile kidogo cha kubana kwenye nguo, chenye vitufe. Kama muziki ndio starehe yenu kubwa, wekeni akiba mnunue kimoja kizuri chenye nafasi ya memori kadi, tundu la milimita 3.5 na Bluetooth, kiwe cha nyumba na si cha mtu.

Mkishakinunua, fanyeni hivi Jumamosi ya kwanza. Kila mmoja amchagulie mwenzake nyimbo 10, asimwambie ni zipi. Chomekeni kile kiwaya cha matundu mawili, kaeni nje kwenye upepo, msikilize zote 20 hadi mwisho. Ruhusa ya kuruka wimbo hakuna. Ya kuuliza kwa nini umeuchagua, ipo.