Trekta kuukuu: hesabu kwanza, ufunguo baadaye

Trekta la Massey Ferguson 135, lililoingia sokoni mwaka 1964, linaweza kulima tena hata baada ya kulala bandani miaka mingi. Kinachomtia mkulima hasara ni haraka ya kuliwasha.

Kwanza, injini izungushwe kwa mkono. Ikiwa imekwama, trekta lisivutwe kwa nguvu. Huenda kutu imeshika pistoni. Ikizunguka, oili na dizeli ya zamani zimwagwe, tangi lioshwe na filta zibadilishwe. Maji na uchafu wa dizeli iliyolala huharibu pampu na nozeli, spea zenye bei kubwa.

Kisha fundi akague breki, gia na haidroliki. Gharama ikizidi bei ya trekta kama hilo linalotembea, afadhali liuzwe spea.