Mwanao Ameketi na Hesabu: Umsaidieje?

Ndugu msomaji, yawezekana nyumbani kwako yuko kijana aliyekwisha maliza Chuo Kikuu. Alipata shahada yake ya kwanza, ninyi wazazi mkamshukuru Mungu, na majirani wakala pilau. Sasa wamwona ameketi tena mezani, na mbele yake karatasi zimejaa hesabu. Ukichungulia waona ni hesabu za sehemu, za asilimia, za pembe tatu. Wajiuliza: "Je, huyu hakumaliza masomo? Mbona amerudi kwenye hesabu za watoto?"

Usimcheke, wala usimwite mvivu. Huenda anajitayarisha kwa mtihani uitwao GRE. Huo ni mtihani wa watu wanaotaka kusomea shahada ya pili au ya udaktari, hasa katika vyuo vya Marekani. Ulianza huko mwaka 1936, na tangu mwaka 1948 unasimamiwa na shirika liitwalo ETS. Wanaotaka kusomea mambo ya biashara wana mtihani wao mwingine, GMAT, ambao ni ndugu yake. Katika yote miwili hesabu ndizo zinazowatia vijana wengi hofu. Basi leo tuzitazame pamoja, maana ukizijua utaweza kumsaidia mwanao, hata kama wewe mwenyewe uliishia darasa la saba.

MTIHANI WENYEWE

Tangu Septemba 2023 mtihani wa GRE umefupishwa, nao huchukua muda usiotimia saa mbili. Una sehemu ya kuandika, sehemu za lugha ya Kiingereza, na sehemu mbili za hesabu. Sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21. Ya pili ina maswali 15 kwa dakika 26. Jumla ni maswali 27 kwa dakika 47. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba kila swali lina muda wa chini kidogo ya dakika moja na robo tatu.

Alama za hesabu huanzia 130, na mwisho wake ni 170. Hakuna kufaulu wala kuanguka. Kila chuo hujipimia chenyewe alama kinazozitaka. Jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo asiache swali hata moja bila kulijibu.

Na hesabu zenyewe ni zipi? Ni kujumlisha na kutoa, kuzidisha na kugawanya, asilimia, wastani, aljebra, jometri, na kusoma majedwali. Hayo yote mwanafunzi hufundishwa kabla ya kumaliza sekondari. Tena katika GRE hupewa mashine ya kupigia hesabu ndani ya kompyuta yenyewe. Kumbe ugumu uko wapi? Uko katika kulielewa swali. Maswali haya yametungwa ili kumnasa mtu anayejibu kabla ya kufikiri.

TUJARIBU PAMOJA

Chukua kalamu, ewe msomaji, na uwaite watoto. Maswali haya nimeyatunga kwa mambo ya kwetu, lakini njia zake ni zile zile za mtihani.

La kwanza. Gunia la mahindi liliuzwa shilingi 50,000. Bei ikapanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Je, imerudi pale pale? Wengi watasema ndiyo. Sivyo. Asilimia 20 ya 50,000 ni 10,000. Bei ikawa 60,000. Lakini iliposhuka, ilishuka kwa asilimia 20 ya 60,000, yaani 12,000. Imebaki 48,000. Fundisho: kila usikiapo asilimia, uliza kwanza, "Asilimia ya kitu gani?" Swali hilo litakufaa hata siku utakapokwenda kukopa fedha.

La pili. Petro akilima peke yake hulimaliza shamba kwa siku 6. Yohana akilima peke yake hulimaliza kwa siku 3. Wakilima pamoja watatumia siku ngapi? Mwenye haraka atajumlisha 6 na 3, atagawanya kwa mbili, na kusema siku nne na nusu. Lakini hebu fikiri! Yohana peke yake hutumia siku 3. Itakuwaje akisaidiwa achelewe zaidi? Basi pima kazi ya siku moja. Petro hulima sehemu moja ya sita, Yohana sehemu moja ya tatu, ambayo ni sawa na mbili za sita. Pamoja ni tatu za sita, yaani nusu ya shamba. Siku 2 zatosha.

La tatu. Mtu alikwenda mnadani kwa baiskeli kwa mwendo wa kilometa 12 kwa saa. Alirudi kwa njia ile ile, baiskeli imebeba mzigo, kwa mwendo wa kilometa 6 kwa saa. Wastani wa mwendo wa safari yake yote ni upi? Usiseme 9. Hatukuambiwa umbali, basi chagua mwenyewe umbali ulio rahisi, kama kilometa 12. Kwenda ni saa 1, kurudi ni saa 2. Amekwenda jumla ya kilometa 24 kwa saa 3. Wastani ni kilometa 8 kwa saa. Mwendo wa polepole ulikula saa nyingi zaidi, ndiyo maana umeuvuta wastani chini.

La nne. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo wako watu 10. Kila mmoja anampa kila mwenzake mkono wa amani, mara moja tu. Mikono mingapi itapeanwa? Kila mtu ana wenzake 9. Mara 10 ni 90. Lakini nikikupa mkono, nawe umenipa. Tumehesabu tendo moja mara mbili. Gawanya kwa mbili: 45.

SWALI LISILO NA JIBU

Iko namna moja ya swali ambayo huwasumbua vijana kuliko zote. Hupewa vitu viwili, cha kwanza na cha pili, naye huulizwa: Kipi ni kikubwa? Anaweza kujibu cha kwanza, au cha pili, au ni sawa, au haiwezi kujulikana kwa habari tulizopewa.

Tuseme kitu cha kwanza ni namba fulani iliyozidishwa kwa yenyewe, na cha pili ni namba hiyo hiyo. Kijana hufikiri 2: mara 2 ni 4, basi cha kwanza ni kikubwa. Hufikiri 5: hupata 25, naye hufurahi. Lakini je, amejaribu 1? Mara 1 ni 1, vitu ni sawa. Amejaribu nusu? Nusu ya nusu ni robo, nayo ni ndogo kuliko nusu! Basi jibu la kweli ni la mwisho: haiwezi kujulikana.

Ona ndugu, jinsi jambo hili lilivyo zaidi ya hesabu. Mara ngapi twahukumu jirani kwa habari nusu? Twaona mambo mawili, twakata shauri, twasahau kwamba liko la tatu ambalo hatukulitazama. Kusema "Sijapata habari za kutosha" si ujinga; mara nyingine ndiyo jibu sahihi pekee.

NAMNA YA KUJIZOEZA

Asifanye maswali mia kwa siku moja na kuyasahau. Afanye machache kila siku, na kila alilokosa aliandike katika daftari lake, pamoja na sababu ya kukosa: Je, sikujua kanuni? Nilisoma vibaya? Nilikimbia? Baada ya juma moja alifanye tena bila kutazama jibu. Akizoea, ajipimie kwa saa. Haba na haba hujaza kibaba.

Nawe mzazi, mwambie akueleze swali moja kwa Kiswahili. Akiweza kukueleza mpaka ukaelewa, ameelewa naye. Akishindwa, amekariri tu. Tena mpe saa mbili tulivu kila siku, redio ikiwa imezimwa. Na kama ni binti, asiachiwe kuni, maji na jiko peke yake huku kaka zake wamekaa. Akili yake nayo ni talanta aliyopewa na Mungu, wala haikupewa ili ifukiwe ardhini.

KABLA YA KUUZA MBUZI

Ada ya mtihani huu ni zaidi ya dola 200 za Marekani. Kwa jamaa nyingi hizo ni fedha za mbuzi kadhaa. Basi, kabla hamjauza kitu, kijana aandikie chuo anachokitaka na kuuliza kama mtihani huu unadaiwa. Vyuo vingi vimekwisha acha kuudai kwa masomo kadha wa kadha. Kama unadaiwa, ETS wenyewe hutoa bure katika intaneti mitihani miwili ya kujipima na kitabu cha kurudia hesabu. Aanze na hivyo. Alama zake hudumu miaka mitano, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia kulipa kabla hajawa tayari.

Jihadharini pia na watu wanaosema, "Leteni fedha, tutamfanyia mtihani." Huo ni wizi na uongo pamoja. ETS wakigundua hufuta alama, na fedha zimepotea. Lakini hata wasipogundua, kijana ataingia darasani na kichwa kitupu, naye atakuwa amekalia kiti cha mwenzake aliyetoa jasho.

Wanafunzi Wakatoliki humkimbilia Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, Mfransisko wa Italia aliyekufa mwaka 1663. Masomo yalimpa taabu kubwa, hata hivyo alipata upadre. Sikukuu yake ni Septemba 18. Ni vema kumwomba. Lakini sala haichukui mahali pa daftari. Mkulima huomba mvua akiwa amekwisha lima shamba lake, na mwanafunzi naye na afanye vivyo hivyo.