Muhogo: Mitandao midogo ya kompyuta ikipiga kura, hasara hupungua

MNUNUZI wa muhogo anayefunga bei shambani, mizizi ikiwa bado ardhini, anabeba hatari kubwa. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuozesha mizizi kwa ndani huku mmea ukionekana mzima juu. Hasara hujulikana siku ya kuvuna, fedha zikiwa zimekwisha kutoka mkononi.

Kwa wafanyabiashara wa Kibaoni, mkoani Katavi, habari njema ni kwamba simu inaweza kusaidia ukaguzi. Programu ya Nuru, iliyobuniwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, ilitengenezwa itambue ugonjwa wa jani kwa kamera ya simu bila intaneti.

Kazi hiyo hufanywa na mtandao wa neva, yaani mahesabu yanayojifunza kwa kuonyeshwa picha nyingi zilizokwisha kutambuliwa na wataalamu. Mtandao mkubwa hula chaji na nafasi ya simu. Mdogo ni mwepesi, lakini hukosea zaidi. Ndipo unapokuja ushirika: kidole kimoja hakivunji chawa.

Hesabu ni hii. Mitandao 3, kila mmoja ukipatia picha 80 kati ya 100, ikipiga kura na jibu la wengi likafuatwa, hupatia karibu 90. Sharti ni kwamba kila mmoja uwe na makosa yake. Ikikosea picha zile zile, kura haiongezi kitu.

Katika mashindano ya Kaggle yaliyomalizika mwaka 2021, zilitolewa picha 21,367 za majani ya muhogo kutoka Uganda, zikiwa katika makundi 5. Washindi waliunganisha mitandao ya aina tofauti, mikubwa pamoja na mmoja mdogo wa simu, wakapatia takriban asilimia 91.

Gharama nayo ipo: mitandao 3 ni kazi mara 3. Njia ya kubana matumizi ni kuuliza mmoja kwanza, na mingine iitwe pale tu unaposita.

Hata hivyo, kura zote hizo ni za jani, mzizi hauonekani. Mnunuzi apige picha mimea ya pande zote za shamba, kisha ang'oe mashina machache na kukata mizizi. Bei ifungwe baada ya kisu.